Mguu wa Roseline

Daktari aliuliza jamaa wa mgonjwa ni nani, na Kathini akajibu kwamba ni yeye. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi tangu alfajiri, mkoba wa Roseline mapajani, na slipasi za Roseline ndani ya mfuko miguuni pake. Daktari alikuwa kijana mwembamba, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alimtazama, akatazama faili, kisha akamtazama tena.

"Wewe ni nani wake hasa?"

"Dada yake."

"Hapa imeandikwa Roseline Atieno Odero. Wewe umesema unaitwa Kathini Mbaluka."

"Ni dada yangu. Andika dada."

Daktari hakubishana. Alimweleza mambo yalivyokuwa, kwa sauti ya mtu ambaye ameyaeleza hayo hayo mara nyingi wiki hiyo. Kidonda cha kidole gumba cha mguu kilikuwa kimeoza mpaka juu ya kifundo, sumu yake imeingia kwenye damu, na sukari imepanda hadi mgonjwa amepoteza fahamu. Mguu ukikatwa leo, juu ya goti, huenda akapona. Usipokatwa, hatafika keshokutwa. Sylvance, mtoto wa pekee wa Roseline, alikuwa dereva wa malori ya Juba, na simu yake ilikuwa imezimwa kwa siku nne. Kathini alimpigia tena pale pale, na yeye na daktari wakamsikiliza pamoja yule mwanamke wa kwenye simu akisema mteja hapatikani.

Kulikuwa na jambo ambalo Kathini hakumwambia daktari. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne kule mtaa wa Umoja, Nairobi, alikokuwa akiishi Roseline, kwa sababu alikuwa amesikia harufu fulani walipokaa pamoja kanisani na ikamnyima usingizi. Roseline alikataa kuvua soksi. Mwishowe alivua. Kidole kilikuwa cheusi kama kaa la moto lililozimika. Akaeleza kwamba mafuta ya kukaangia samaki wake wa kuuza yalimrukia, na kwa kuwa sukari ilikuwa imeshaua miguu, hakusikia moto wowote. Alichosikia ni harufu ya nyama, akadhani ni samaki aliyeungua. Kathini alimsihi waende hospitali siku ile ile. Roseline alimkumbusha habari za dada yake mkubwa, aliyekatwa mguu akawekwa kwenye pembe ya nyumba ya mwanawe kama gunia, watu wakimruka wakienda kuwasha televisheni, hata akafa kabla mwaka haujaisha.

"Wakija na msumeno wao, uwaambie mimi sikutaka," Roseline alisema. "Nilikuja na miguu miwili, nitarudi na miguu miwili. Niahidi, Kathi."

Na Kathini aliahidi. Aliahidi kwa wepesi, jinsi mtu anavyomwitikia mgonjwa ili anywe dawa. Hakudhani mambo yangefika huko.

Sasa daktari alikuwa amemnyooshea kalamu. Kathini akaomba afikiri kidogo, akaambiwa ana dakika kumi. Alikwenda kusimama kando ya kitanda. Mdomo wa Roseline ulikuwa wazi, midomo imepasuka, na pumzi ilitoka kwa kukwaruza. Walikuwa wameanza darasa la kwanza kwenye dawati moja pale mtaa wa Jericho, binti wa karani na binti wa mfanyakazi wa reli, nyumba zao zikitenganishwa na kamba ya kuanikia nguo. Kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake mkono alipojifungua. Kila mmoja alikuwa amemvisha mwenzake nguo nyeusi alipofiwa na mume. Walikuwa na miaka sitini na mitatu, na hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani aliyemwita Kathi. Alijaribu kuiwaza Jumapili moja tu bila Roseline, ile saa ya baada ya kanisa wanapovua viatu na kuwasema watu, akashindwa.

Alirudi kabla ya dakika kumi kwisha. Alitia sahihi pale alipoonyeshwa, kisha akafunua ukurasa wa pili akatia tena, bila kusoma neno.

*

Roseline alizinduka siku ya tatu, saa ya uji. Kathini alikuwa ameshika kikombe, anapoza. Aliona mkono wa mwenzake ukiingia chini ya blanketi, ukashuka pajani polepole, ukafika mahali penye bandeji, na baada ya bandeji ukapapasa shuka tupu. Mkono ukabaki pale. Roseline akamwita muuguzi mmoja aliyekuwa akipita, akamuuliza ni nani aliyetoa ruhusa.

"Si dada yako huyu," muuguzi alisema kwa uchangamfu. "Mshukuru, mama. Ungekuwa kule nyuma kwenye baridi saa hii."

Roseline aligeuza shingo, akamtazama Kathini. Hakuwa na hasira usoni. Alimtazama kama mtu anayesoma jina kwenye mlango ili ahakikishe hajakosea nyumba.

"Mama Kyalo," alisema. Mtaa mzima ulimwita Kathini hivyo, na katika miaka yote hiyo Roseline hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Mama Kyalo, nenda nyumbani."

Kathini alienda nyumbani na kesho yake akarudi. Alirudi kila siku kwa muda wa majuma mawili na nusu, na chakula ndani ya kopo lililofungwa kwa leso. Muuguzi akikipakua, Roseline alikula. Kathini akikipakua yeye, kilikaa juu ya kabati dogo mpaka kikaganda, na mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kwa adabu kama angeweza kukichukua.

Siku ya kuruhusiwa ilipofika, likazuka swali la mahali pa kumpeleka. Chumba cha Umoja kilikuwa ghorofa ya nne, na ngazi zake hazikuwa na hata mahali pa kushika. Kule Ugenya, nyumbani kwa marehemu mumewe, shemeji mkubwa aitwaye Owino alipigiwa simu. Alisikitika sana, akasema nyumba ya Roseline imeangukiwa na ukuta wakati wa mvua, na hakuna wa kumhudumia kwa sasa. Sylvance hakuwa amepatikana bado. Hivyo Kathini alimchukua akampeleka kwake Jericho, na hakumwambia mkaza mwanawe mpaka gari liliposimama mlangoni.

*

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ile ile ambayo babake Kathini alipewa na baraza la jiji alipokuwa karani. Chumba cha ndani walilala Kyalo, mwanawe, aliyekuwa fundi wa vitanda vya chuma, pamoja na mkewe Ndinda na watoto wao wawili. Sebuleni alilala Kathini. Sasa kitanda chake alikichukua Roseline, na Kathini akatandika godoro sakafuni, kati ya kitanda na meza, mahali ambapo angesikia akiitwa. Hakuitwa.

Roseline alizungumza na kila mtu isipokuwa yeye. Alimuuliza Kyalo habari za kazi. Aliwafundisha watoto kuhesabu kwa Kijaluo. Alipotaka kitu kutoka kwa Kathini alimpa Ndinda ujumbe, hata kama Kathini alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. "Mwambie mama mkwe wako bandeji inanibana." "Mwambie hiyo chai imezidi majani." Ndinda alisimama katikati, akimtazama mmoja kisha mwingine, akayarudia maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshayasikia.

Ndinda hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi katika kiwanda cha plastiki kule eneo la viwanda, akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na jioni alikuta ndoo ya haja nyuma ya pazia, harufu ya dawa ya vidonda sebuleni, na wageni. Siku ya nne alitandaza karatasi ya nailoni juu ya godoro la Roseline, chini ya shuka, mbele ya Roseline mwenyewe. Nailoni ilikwaruza kila mgonjwa alipojigeuza. Usiku huo huo alimfuata mama mkwe wake jikoni.

"Mama, mimi sikatai," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mngeniuliza. Hata kwa simu tu. Ningesema ndiyo, lakini mngeniuliza."

Kathini alimwomba radhi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba radhi tangu Ndinda aolewe, na wote wawili wakaona haya, wakageukia sufuria.

Asubuhi, wengine wakishaondoka, wanawake wale wawili walibaki peke yao, na hapo hapakuwa na mtu wa kutumwa ujumbe. Kathini alipasha maji, akaleta beseni, akamvua mwenzake nguo. Roseline aliinua mkono usuguliwe kwapa, akainamisha shingo, akageuka ubavu, macho yake ukutani. Kigutu alikiosha Kathini mwisho, kwa kitambaa laini, akikizunguka mshono bila kuugusa. Paja lilikuwa bado la Roseline, lenye lile kovu dogo la seng'enge walipokimbizwa shuleni wakiwa na miaka kumi. Siku nyingine Kathini alianza kusimulia habari ya mtaani, nani amemwoza binti, nani amefungwa, akaona sauti yake inarudi kwake ikiwa kavu. Akaacha. Alimwosha hivyo kimya kimya kila asubuhi, kama mtu anayeandaa maiti.

Akina mama wa kanisa walikuja Jumamosi, kumi na mmoja, wakajaa mpaka mlangoni. Mwenyekiti wao, Nzisa, aliomba kwa muda mrefu, akamshukuru Mungu kwa kumwachia dada yao mguu mmoja. Mwanamke mwingine, akijifanya kurekebisha blanketi, akaliinua kidogo achungulie. Kisha Nzisa akamwomba Roseline atoe ushuhuda mfupi, ili wengine wenye sukari wapate moyo.

"Mwenye ushuhuda ni yule aliyetia sahihi," Roseline alisema. "Muulizeni. Mimi nilikuwa nimelala."

Wote wakageuka. Kathini alisema anaenda kuangalia chai. Jikoni aliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, kimoja kimoja, mpaka akasikia wimbo wa kufunga.

*

Sylvance alifika wiki ya sita. Lori lilikuwa limeharibika porini, kisha barabara ikafungwa kwa sababu ya mapigano, kisha simu ikaibwa. Alikuwa jitu la mtu, na kabla ya kuingia alisimama nje karibu na bomba la maji, akalia huku akijifanya kunawa uso. Aliingia akiwa ameshakasirika.

Alimwambia Kathini kwamba alimchukulia kama mama yake mdogo maisha yake yote, na hakudhani angemfanyia hivyo. Kathini akajibu kwamba alimpigia simu mara kumi na tisa. Sylvance akasema angempigia hata ya ishirini. Kyalo, waliyekua naye pamoja wakicheza mpira kwenye vumbi lile lile, alimwambia atulie, mathe Kathini hakuwa na njia nyingine, na Sylvance akamjibu kwamba hajamuuliza yeye. Ndinda akawatoa watoto nje.

Kisha Sylvance akauliza lile swali.

"Na mguu? Mguu wenyewe uko wapi?"

Akaeleza kwamba mzee Owino ndiye aliyemuuliza alipompigia njiani kwa simu ya kuazima. Kwao, mguu ungepelekwa nyumbani ukazikwa pale ambapo mwenyewe angekuja kuzikwa siku yake, ili alale akiwa kamili. Kathini alitazama kitandani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya uji, Roseline alikuwa anamtazama usoni, akingoja.

Kathini alisema hajui. Alisema kesho ataenda kuuliza. Aliona haya kuliko haya yoyote aliyowahi kuona, kwa sababu katika majuma yote hayo, pamoja na kuosha na kufunga bandeji na kulala sakafuni, jambo hilo halikuwa limempitia akilini hata mara moja.

*

Katika ofisi ya rekodi alimkuta mzee mmoja mpole aitwaye Ndete, ambaye alitafuta faili kwa nusu saa bila kulalamika. Aliufungua ukurasa wa pili, akaugeuza upande wa Kathini, akaweka kidole chini ya mstari. Palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilisema jamaa watachukua kiungo. Cha pili kilisema hospitali itakiteketeza. Mtu alikuwa ametia alama kwenye cha pili, na chini yake palikuwa na jina la Kathini, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Wengi hawasomi," Ndete alisema. "Hata mimi nisingesoma, siku kama hiyo."

Kathini aliomba kuona mahali. Hakulazimika, lakini mzee alimpeleka, kupitia nyuma ya chumba cha dobi, mpaka kwenye kibanda chenye bomba refu la moshi. Tanuri lilikuwa limepoa. Ndete alisema huwasha Jumanne na Ijumaa, na operesheni ile ilikuwa siku ya Ijumaa. Kathini akauliza kama angeweza kupata jivu, hata kidogo, hata la kujaza kibeti. Ndete alivua kofia akajikuna kichwa. Jivu la mle ndani, alisema, ni la kila kitu, sindano na pamba na vitu vya watu wengi, na gari huja kulichukua kila mwisho wa mwezi.

Kathini alirudi kwa miguu. Ndinda, aliyekuwa ametoka kazini mapema, alikuwa akimngoja pale Burma, kwenye soko la nyama, akaona uso wake, akajua. Wakaenda pamoja, wakipishana na watu waliobeba nyama begani. Ndinda alikuwa na shauri. Waseme mguu ulizikwa makaburi ya Lang'ata, na hospitali, kwa heshima, na kasisi akiwepo.

"Nani ataenda kuchimba, Mama? Roho yake itatulia. Na wewe atakusamehe."

Lilikuwa shauri jema, na Kathini alilibeba mpaka Jericho. Akatunga hata rangi ya msalaba. Lakini alikuwa amemwahidi Roseline uongo, na alikuwa amemwambia daktari uongo, na alipofika mlangoni akaona hana nguvu za kuutunza wa tatu.

Sylvance alikuwa kwenye kiti. Roseline alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama mtu anayetarajia wageni.

"Umechomwa," Kathini alisema. "Uliteketezwa siku ile ile. Kulikuwa na karatasi ya kuuliza, nikaitia sahihi bila kuisoma. Hata jivu hakuna. Nimeuliza."

Sylvance alisimama. Roseline akamwambia kwa Kijaluo atoke nje, na alipositasita akamwambia tena. Ndinda naye akatoka akaufunga mlango. Nje, mtu alikuwa akigonga bati, akaacha, akaendelea.

"Ungeniacha, ningekufa," Roseline alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimekaa kule juu usiku mwingi, nikafikiri, nikakubali. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Sasa ulinikatia nini, Kathi?"

Kathini alikuwa na majibu mengi, ameyapanga tangu siku ile ya wodini. Daktari alikuwa amesema hivi. Sylvance angebaki yatima. Mungu hapendi mtu ajiachilie. Aliyatafuta, akaona yote ni ya kuwaambia watu wengine.

"Niliogopa kubaki peke yangu," alisema.

"Basi hukunikata kwa ajili yangu."

"Hapana. Ilikuwa kwa ajili yangu."

Roseline alifumba macho, na mabega yake yakashuka. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuulizia bei ya nyanya.

"Kila anayeingia hapa ananiambia umeniokoa. Wananiambia nishukuru. Nilikuwa nangoja wewe useme kwa nini hasa."

Hakusema amesamehe, na Kathini hakuuliza. Roseline alisema ataenda nyumbani Ugenya na Sylvance, kama ni kulala jikoni kwa shemeji yake atalala. Hawezi, alisema, kuendelea kuoshwa na mtu ambaye kila akimwosha anatazama kazi ya mkono wake. Kisha akasema jambo la mwisho.

"Nikifa, uje. Usitume rambirambi kwa simu. Usimame mbele ya watu wa Odero, useme kwa mdomo wako kwa nini mguu haupo. Sitaki nilale pale wakinong'ona ati nililogwa, au Sylvance aliuuza."

"Nitakuja. Nakuahi—"

"Usiniahidi. Wewe uje tu."

*

Roseline aliishi miezi saba zaidi. Sylvance alisimamisha ukuta ulioanguka, akaezeka upya. Jumapili, saa ya baada ya kanisa, simu ilipigwa, wakati mwingine na mmoja, wakati mwingine na mwingine, wakazungumza juu ya mvua na sukari na nani amemwoza binti. Mwezi wa tano tangu arudi, kidole cha mguu uliobaki kilianza kuwa cheusi. Safari hii Roseline aliulizwa mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, akakataa, na hakuna aliyembishia. Kathini alipoambiwa, aliishika simu sikioni bila kuikata. Roseline naye hakukata. Walisikilizana wakipumua mpaka muda wa maongezi ukaisha.

"Anti," Sylvance alisema alipopiga, "mathe amelala."

Ndinda aliomba ruhusa kiwandani, akanyimwa, akaenda hata hivyo. Yeye na Kathini walifika Ugenya Ijumaa, wakapewa viti chini ya hema, upande wa wageni. Kesho yake, kwenye ratiba, Kathini alikuwa ameandikwa kama rafiki wa marehemu, baada ya wauza samaki na kabla ya diwani. Msema chochote, mwendesha shughuli, alitangaza kwamba ana dakika mbili. Mzee Owino mwenyewe, fimbo mkononi, alisimama kando yake ili atafsiri kwa Kijaluo, kwa sababu wazee wengi hawakufuata Kiswahili cha Nairobi.

Kathini alisema jina lake. Alisema walikaa dawati moja. Owino akatafsiri, watu wakaitikia kwa miguno ya wema.

"Roseline alikataa kukatwa mguu," Kathini alisema. "Aliniambia mimi, nikamwahidi. Halafu alipopoteza fahamu, nikawaambia ni dada yangu, nikatia sahihi akatwe."

Owino alimtazama. Kipaza sauti kilikuwa kati yao, kikivuma. Kisha akatafsiri, sentensi moja baada ya nyingine, na waliokuwa wakipika nyuma wakaacha masufuria wakasogea.

"Hakulogwa. Mwanawe hakuuza kitu. Mguu uliteketezwa hospitali kwa sababu sikusoma karatasi. Sylvance hakuwepo, asilaumiwe. Nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu." Alingoja Owino amalize. "Na sasa nimebaki. Ni hayo tu."

Alimrudishia msema chochote kipaza sauti. Mwanamke mmoja kule nyuma alisonya kwa nguvu. Kijana mmoja akasema kitu kwa Kijaluo, na wengine wakamgeukia wamnyamazishe, au wamuunge mkono, Kathini hakujua. Ndinda alikuwa amesimama, amemshikia mkoba, tayari waondoke.

Aliyetembea kuja kwao ni mke wa Owino, mkongwe waliyemwita Nyar Gem kwa jina la kwao alikotoka. Alikuwa amebeba kitu kwa mikono miwili, kimefunikwa kwa kanga. Alikifunua mbele ya jeneza. Lilikuwa tunda refu la kijivu, zito, lenye ganda gumu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kathini alilijua. Kwao Kitui bibi yake aliyakausha matunda hayo na kuyatumbukiza kwenye vibuyu vya pombe ya harusi. Nyar Gem alisema hapa linaitwa yago. Mtu akizama ziwani, au akifia vitani mbali, na mwili usipatikane, huzikwa hilo mahali pake. Kwa mguu peke yake hawajawahi kufanya hivyo, lakini wazee walikuwa wamekaa tangu jana wakakubaliana.

"Nani ataliweka?" mtu aliuliza.

"Aliyeukata," Nyar Gem alisema.

Jeneza likafunguliwa. Roseline alikuwa amevalishwa gauni lake la zambarau, na upande mmoja gauni lilikuwa limelala bapa juu ya mto mweupe. Kathini aliinua pindo. Alilitelezesha tunda chini ya kigutu, taratibu, kama vile kinaweza kuuma. Lilikuwa fupi. Alilisogeza chini lifike mahali pa unyayo, likaachana na paja. Akalirudisha juu, pakabaki nafasi tupu huku chini. Akalisogeza tena. Akamtazama Nyar Gem.

"Linatosha," Nyar Gem alisema. "Funika."

Kathini akalifunika kwa gauni, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, na hakuondoa mkono mpaka vijana waliposhika kifuniko wakamwomba asogee.